Shahidi Kushoto, Mashine Kulia

Zamani, mtu akitaka kuwatengenezea watu programu ya kompyuta, alikwenda kwanza kukaa nao. Ndivyo alivyofanya Pedali kampuni yake ilipomtuma mahakamani, enzi zile mashine za kuchapa zilipokuwa zikibebwa kupelekwa stoo na kompyuta za kwanza zikitolewa kwenye maboksi. Hakufika na fomu za maswali wala hakuitisha kikao. Aliomba kigoda, akakiweka nyuma ya wachapaji, akatulia kama mkwe mgeni, akitazama mikono.

Kazi ya chumba kile ilikuwa kusikiliza kesi zilizorekodiwa na kuziandika neno kwa neno, hakimu alichouliza na shahidi alichojibu. Pedali aliona kwamba kila mchapaji akitaka kumrudisha shahidi nyuma, mkono unaacha herufi kwenda kutafuta kitufe cha kinasa sauti, na ukirudi umepotea njia. Akaondoka, akarudi na programu iliyoendeshwa kwa pedali ya mguuni, kama ya cherehani. Ukikanyaga, shahidi anasema. Ukiachia, ananyamaza na kurudi nyuma maneno mawili matatu, akikusubiri.

"Huyu anataka tushone kesi!" wachapaji walicheka.

Walicheka, lakini walishona. Jina la Pedali likamganda kuanzia hapo, na hata marehemu mkewe alilitumia siku za hasira.

Hakuna chuo kilichomfundisha. Alikuwa fundi redio, akanunua kitabu kinene kwa mtu aliyeshindwa kukimaliza, akakisoma mpaka kikaachana na gamba lake. Kitabu kile kilifundisha kuandika programu za mfumo mmoja tu wa kompyuta za mezani, ule uliokuwa ofisi zote wakati huo, naye akauoa mfumo huo bila kutazama pembeni. Aliujua kama mtu anavyoijua nyumba yake umeme ukikatika: mlango unaokwama, ngazi iliyomeguka, mahali pa kuinamisha kichwa. Ukitaka kitufe kwenye skrini, unauomba mfumo wenyewe ukupe. Ukitaka menyu, unauomba menyu. Vitu hivyo havikuwa na uzuri wowote, vya kijivu kama sare za wafungwa. Lakini mfumo ulivijua kimoja kimoja kwa jina, na mtu akikiuliza kitufe "wewe nani," kilijibu.

Hilo lilikuwa na maana kubwa, kwa sababu mmoja wa wachapaji alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, na alikuwa haoni. Surua ilimchukua macho kabla hajajua kusoma. Wenzake walimwita Kinanda, kwa namna vidole vyake vilivyokimbia. Kompyuta yake ilikuwa na sauti ya kumsomea skrini. Sauti ile nayo haina macho, inauuliza mfumo, "Hapa pana nini?" na mfumo unaiambia, "Kitufe, jina lake Hifadhi." Ndipo nayo inamwambia Kinanda. Mnyororo mzima ulikuwa huo tu, na maisha ya mwanamke mzima yalining'inia hapo.

"Kaka," alimwambia Pedali siku za mwanzo, "shahidi na hii mashine wananisemesha pamoja kama walevi wawili kwenye meza moja. Nimsikilize nani?"

Pedali akarudi kwenye kigoda chake, akafikiri, akaipasua sauti. Shahidi akaenda sikio la kushoto, mashine ikaenda la kulia. Kinanda akaizoea, kisha akaanza kuiharakisha ile ya kulia, kila mara kidogo, mpaka mtu mwingine akivaa spika zake za masikioni alisikia njugu zikikaangwa tu. Yeye alisikia maneno. Katika chumba kile hakuna aliyemshika mkono. Wao ndio waliomwita: "Kinanda, njoo utege sikio hapa, huyu shahidi anaongea au anatafuna?" Naye anakwenda, anasikiliza mara moja, anasema, "Amesema ng'ombe alikuwa mweusi. Na anadanganya, lakini hilo msiandike."

Ukitaka kujua kiti kile kilikuwa nini kwake, msikilize alivyokuwa akiongea nyumbani. Ndugu hawa waliishi ua mmoja, mlango kwa mlango. Mtu akimuuliza hali, Kinanda hakusema "namshukuru Mungu" kama wengine. Alisema, "Nimechoka, leo kesi zilikuwa nyingi." Aliisema kwa maringo, kama mwingine anavyotaja gari jipya.

Miaka ikaenda. Kampuni iliyomwajiri Pedali ikapata mkurugenzi mwingine, na mahakama ikapata kompyuta nyingine. Zilikuwa za aina tatu. Zile za zamani zilibaki na mfumo aliouoa Pedali. Majaji walinunuliwa nyembamba za rangi ya fedha za kusikilizia kesi zilizorekodiwa, zenye mfumo wa kwao. Na mpya za wachapaji zilikuja na mfumo wa bure, maana wizara ilisema haitaki tena kununua leseni. Programu ya pedali ilifanya kazi kwenye aina moja tu kati ya hizo. Kwa kweli ilibidi kitu kifanyike, na Pedali mwenyewe hakubisha.

Alichobishia ni namna. Kazi ilikabidhiwa timu ya vijana chini ya binti mmoja mwenye shahada mbili na adabu zake zote. Kila asubuhi alimwamkia, "Shikamoo, mzee wangu," na hakuna hata siku aliyomvunjia heshima. Ukutani kwenye chumba chao walibandika picha za watu wa kubuni, kila mmoja na maelezo yake: huyu ni mchapaji, ana watoto wawili, anapenda kahawa na muziki laini. Wakitaka kuamua kitufe kikae wapi, wanamtazama yule wa ukutani na kuulizana angependa nini. Wachapaji wenyewe, wenye damu na miguu inayovimba, walikuwa mtaa wa pili, mwendo wa kumaliza muwa mmoja. Hakuna aliyekwenda kuomba kigoda.

"Tunaandika mara moja," kiongozi alieleza kwenye kikao, "na programu inafanya kazi kwenye mifumo yote mitatu. Sura moja, tabia moja. Mtu akihama mashine haoni tofauti."

"Na vitufe mtauomba mfumo upi?" Pedali akauliza.

"Hatuombi, mzee wangu. Kila mfumo una vitufe vyake, na kila mmoja una vituko vyake. Tunachora wenyewe. Skrini nzima tunaichora, kama picha."

"Picha haina jina, mwanangu."

Hapo kijana mmoja mwenye kofia akasema, "Mzee, hilo ni shairi au ni hitilafu? Kama ni hitilafu, iingize kwenye orodha."

Wakacheka, naye akacheka, maana kununa kikaoni ni kujizeesha zaidi. Akaiingiza hitilafu kwenye orodha. Jioni akakuta imeshapangiwa daraja la chini kabisa. Mbele ya neno Athari palikuwa pameandikwa: mtumiaji mmoja.

Programu mpya ilipopelekwa chumba cha wachapaji kwa majaribio, Pedali alikwenda mwenyewe kusimama nyuma ya mdogo wake. Wachapaji wengine waliipenda, na tuseme ukweli, ilikuwa ya kupendeza: rangi tulivu, herufi kubwa, mawimbi ya sauti yakicheza juu. Kinanda akavaa spika zake, akabonyeza.

Akabonyeza tena. Akahama kwa vitufe vya mishale, kulia, kushoto, chini.

"Inasemaje?" kaka yake akauliza.

"Inasema dirisha."

"Halafu?"

"Dirisha. Nikienda chini, dirisha. Nikirudi juu, dirisha." Akavua spika. "Kaka, mmenijengea dirisha bila nyumba?"

Kila mtu chumbani alicheka isipokuwa mmoja, naye ndiye aliyesimama nyuma ya kiti.

Pedali akapiga moyo konde. Kwenye ile programu mpya akaamua kuweka kitu chake chini ya picha: pale palipochorwa kitufe, auwekee mfumo jina la kitufe hicho, ili sauti ya Kinanda ikiuliza, ipate wa kuijibu. Kwa mfumo wake wa zamani aliimaliza kazi hiyo upesi, mikono ikienda yenyewe. Kiongozi akaikagua, akaipenda, kisha akatikisa kichwa.

"Sheria yetu unaijua, mzee wangu. Hakiingii kitu cha mfumo mmoja. Kiwe kwa yote mitatu, au kisiwepo. Na Mama Kinanda mwenyewe anahamishiwa mashine mpya, zile za mfumo wa bure."

"Basi nitaifanya kwa yote mitatu."

"Utaweza?"

Swali lile halikuwa la dharau, ndiyo maana lilimchoma. Akaanza kujifunza mifumo miwili mipya katika umri ambao wenzake wanajifunza kukaa kibarazani. Wakati wake kitabu kilikuwa kimoja, na mtu aliyekiandika alikuwa amejua mwanzo na mwisho wa jambo. Sasa kila kitu kilikuwa vipande vipande kwenye mtandao: huyu anasema fanya hivi, wa chini yake anasema huyo wa juu mpumbavu, na ukurasa wenyewe ni wa toleo lililoshakufa. Mfumo wa bure aliupata kwa taabu. Siku sauti iliposema "Kitufe, Hifadhi" kwenye mashine mpya, alimwita Kinanda asikilize, naye akasikiliza na kusema, "Ana lafudhi ya ugenini, lakini ni yeye." Ikabaki mashine za majaji.

Zile za fedha zilimshinda. Aliandika jinsi alivyoelewa, akajaribu, ikaenda. Akajaribu tena, ikaenda. Akaiweka. Asubuhi ya maonyesho mbele ya mkurugenzi na jaji mmoja aliyejitolea kuja, jaji akakanyaga pedali, na programu ikaganda. Shahidi alikwama kwenye silabi moja, akiirudia kama mbuzi aliyenaswa kwenye waya, mpaka jaji akavua spika kwa mikono miwili.

"Ni nini hiki?" mkurugenzi akauliza.

Kijana wa kofia alishaona. Hakusema kwa ubaya. "Ni lile tabaka la chini. La majina. Linagombana na pedali."

Pedali na pedali yake. Alitazama sakafu. Kama lingekuwa kosa lao, angepata la kusema. Lilikuwa lake, la mkono wake, mtu aliyezoea kuijua nyumba gizani sasa akijigonga kwenye kuta za watu. Kabla ya chakula cha mchana tabaka la majina likatolewa kwenye mashine zote tatu, kwa sababu sheria ni ile ile: kwa yote, au lisiwepo.

Hapo ndipo huruma ilipoingia. Ingekuwa heri wangebaki na ubaya wao. Kiongozi alimkuta Pedali akikusanya karatasi, akaketi mbele yake.

"Mzee wangu, hatujamsahau mama. Tumepata njia, tena haitegemei mfumo wowote. Programu itasema yenyewe."

"Itasema kwa sauti ya nani?"

"Tumemrekodi mtangazaji. Sauti nzuri sana, utaipenda."

Walimrekodi kweli mtangazaji, mwanamke mwenye sauti ya asali. Ukigusa kitufe anasema, "Karibu. Umechagua kitufe cha kuhifadhi. Tafadhali bonyeza ili kuendelea." Anasema taratibu, bila haraka, kama anayemlaza mtoto. Hakuna kumharakisha. Na kwa kuwa mmoja wa ile mifumo mitatu ulileta matata katika kuipasua sauti, waliacha kuipasua: asali na shahidi wakamiminwa pamoja kwenye masikio yote mawili. Pedali aliliona hilo, akalisema. Aliambiwa limeingizwa kwenye orodha.

Siku ya uzinduzi walikuja msajili wa mahakama, mkurugenzi na mpiga picha. Chumba cha wachapaji kilipigwa deki, viti vya wageni vikapangwa. Kinanda alikuja na blauzi yake ya bluu. Walimketisha mbele, kwenye mashine mpya, wakamvisha spika kubwa nyeupe zinazoonekana vizuri.

"Anza tu kama kawaida, mama," mkurugenzi alisema, na kamera ikaanza kulia.

Kinanda akakanyaga. Vidole vikaanza, vikasimama. Vikaanza tena, vikasimama. Pedali, aliyekuwa nyuma ya wageni, aliona bega la mdogo wake likipanda, jambo ambalo hakuwa ameliona tangu alipokuwa mwanafunzi.

Msajili akainama kwa upole. "Unasikiaje, mama?"

"Nasikia vizuri, mheshimiwa. Nasikia mwanamke mmoja ananikaribisha."

Wageni wakatabasamu.

"Amenikaribisha mara nyingi sana. Nyumba yake nzuri. Ila kuna mtu nyuma yake analalamika kwamba amedhulumiwa shamba, na huyu mama hampi nafasi amalize."

Wageni wakacheka kwa furaha, wakapiga makofi. Msajili akamgeukia mkurugenzi: "Mcheshi kweli! Hawa watu Mungu huwapa kipaji cha furaha." Mpiga picha alikuwa amemkamata Kinanda katika kicheko hicho hicho, maana alikuwa amecheka na yeye. Angefanya nini? Pedali alifungua mdomo, akautazama uso wa kiongozi wa timu, uliokuwa ukimeta kwa fahari ya kweli, akafunga mdomo. Baadaye alijiambia kwamba aliogopa kumwaibisha mdogo wake. Huenda ni kweli.

Hakufukuzwa mtu. Mambo hayo siku hizi hayafanyiki kwa kufukuza. Kurasa za Kinanda zilianza kuchelewa, kisha zikaanza kuwa na mapengo, kisha msimamizi wa wachapaji, mama mtu mzima aliyempenda, akamwita pembeni akamwambia kwamba mapokezi wanahitaji mtu mchangamfu. Akapelekwa mapokezi, karibu na mlinzi. Kazi yake ikawa kuwaambia watu chumba cha mashauri kiko wapi, na watu wenyewe walikuwa wanamuuliza mlinzi.

"Kazi ikoje?" Pedali alimuuliza jioni moja, wote wawili wameketi nje ya milango yao.

"Nzuri. Nasema karibu. Nasema taratibu, kwa sauti ya asali. Sasa mimi ndiye yule mwanamke, kaka. Na mimi hakuna wa kunisikiliza."

"Nitakwenda kwa msajili."

"Ukamwambie nini?"

"Wakurudishie mashine ya zamani. Zipo, zimejaa stoo. Programu ninayo. Naweza kuiweka kwa asubuhi moja."

"Ulishauliza?"

Alikuwa ameshauliza. Mashine za zamani zilizuiwa kuingia kwenye mtandao wa mahakama kwa ajili ya usalama, na kesi zote sasa zilikuwa mtandaoni. Hata sauti ya shahidi isingemfikia. Kinanda alilijua jibu kabla hajaambiwa.

"Basi usinitembezee bakuli," alisema. "Nimeandika kesi za watu wazima miaka yote hii. Sitaki kuwa kesi."

Mwisho wa mwezi akaacha. Alisema amechoka, na safari hii hakulisema kwa maringo.

Pedali aliendelea na kampuni, kwa kuwa walikuwa wamemwachia kazi ya kujibu simu za wateja wa programu zilizozeeka. Ndipo asubuhi moja akifika akakuta bango kubwa kwenye ukumbi wa chini, pale wageni wanaposubiri. Alikuwa Kinanda, mkubwa kuliko mlango, spika nyeupe masikioni, meno yote nje. Chini yake maandishi: Programu moja. Mashine zote. Watu wote.

Alipanda ngazi bila kusubiri lifti, akaingia kwa kiongozi wa timu bila kubisha hodi, yeye aliyekuwa hodari wa hodi.

"Ile picha itolewe."

"Picha gani, mzee wangu? Ya mama? Imependeza sana! Mkurugenzi ameipeleka hata kwenye maonyesho ya..."

"Huyo mtu hatumii programu yenu. Hafanyi kazi tena. Ameacha kwa sababu ya hiyo hiyo programu."

Binti alibadilika uso. Kwa kweli hakuwa anajua. Hakuna aliyekuwa amemwambia, na yeye hakuwa ameuliza. Alikaa muda akigeuzageuza kalamu.

"Pole sana, mzee wangu. Sikujua." Kisha, kwa sauti ndogo zaidi: "Lakini alisaini ruhusa ya picha. Wanasheria watauliza. Labda yeye mwenyewe akisema hataki, nitalisimamia. Nakuahidi. Muulize tu."

Alitoka kazini mapema. Kinanda alikuwa nje, akichambua maharage kwa vidole, akitupa mawe pembeni upesi upesi. Alitambua hatua za kaka yake kabla hajasalimu.

"Umewahi leo. Wamekufukuza na wewe?"

"Bado." Akakaa. Akamweleza yote: bango, ukubwa wake, mahali lilipo, maneno yaliyo chini. Akamweleza kwamba neno lake moja tu linatosha kuliangusha.

Kinanda hakuacha kuchambua. "Nimevaa nini?"

"Blauzi ya bluu."

"Imenyooka? Pasi ile siku ilinisumbua."

"Imenyooka."

"Na nimekaa vipi? Nimeinama?"

"Hapana. Umekaa vizuri. Vidole viko juu ya kibodi."

Akatafuta jiwe lingine ndani ya sinia, akalipata, akalitupa.

"Basi waache," alisema. "Hata mimi nipate mahali ninapoonekana kazini."

Pedali alivuta sinia kidogo upande wake, akaanza kuchambua naye, na mara kwa mara Kinanda akapitisha vidole pale alipokwishapita kaka yake, akaokota mawe aliyoyaacha.